Watu Waliopita Brodowski

Msomaji mpenzi, leo nakuomba uweke jembe chini kidogo, uketi kivulini, tusafiri pamoja. Safari ni ndefu, lakini nauli yake ni macho yako tu. Tunavuka bahari ya Atlantiki mpaka nchi ya Brazili, huko Amerika ya Kusini.

Usidhani kwamba tunakwenda kwa watu wa mbali kabisa. Muhogo ulioko shambani mwako asili yake ni huko kwao. Wareno ndio walioupakia katika merikebu zao zamani na kuuleta Afrika. Nawe kama ni mtu wa Kilimanjaro au Bukoba, mwenye mibuni yako nyuma ya nyumba, basi ujue kwamba Wabrazili ndio wakulima wa kahawa wakubwa kupita wote duniani. Mibuni yao ikipigwa na baridi kali, bei ya kahawa yako hupanda. Wakivuna sana, hushuka. Tena damu ya Afrika imo ndani yao, maana watumwa wengi mno walipelekwa huko kutoka Angola, Kongo, Guinea na hata Msumbiji.

Tunakwenda kutazama picha. Labda utaniambia: "Picha! Shamba langu limekauka, nawe waniita kutazama picha?" Swali lako ni la haki. Tulichukue hilo swali mkobani, tukalijibu njiani.

JAMAA WALIOSIMAMA MBELE YETU

Tunafika kwanza São Paulo, mji mkubwa kupita yote ya Brazili. Katika barabara iitwayo Avenida Paulista kuna nyumba ya makumbusho ya sanaa, iliyofunguliwa hapo mwaka 1968. Ni nyumba ya ajabu: imeinuliwa juu kwa nguzo, na chini yake pameachwa uwanja mtupu ambapo watu hukutana. Ndani, picha hazikutundikwa ukutani kama tulivyozoea. Zimesimamishwa kwenye vioo vikubwa, kana kwamba zinaelea hewani, na mtu hupita katikati yake kama anayepita sokoni.

Katika mali ya nyumba hii imo picha ya mwaka 1944 iliyochorwa na Candido Portinari. Urefu wake unapita kimo cha mtu. Tazama sasa. Jamaa ya watu maskini wamesimama mbele yetu, wakubwa kwa watoto. Baba ana kofia, na begani ana mti wenye kifurushi. Mama amejitwika mzigo kichwani na kumpakata mtoto. Yuko mzee mwenye ndevu, mkongojo mkononi, mbavu zake waweza kuzihesabu. Yuko na mtoto tumbo limevimba, miguu kama vijiti; wewe mama unayesoma, huhitaji kuambiwa maana ya tumbo lile. Chini ni mchanga, mawe na mifupa. Juu mbinguni ndege weusi wanazunguka, nao wanajua wanangoja nini.

Jambo moja la kuangalia: watu hawa hawatembei. Wamesimama, na wengine kati yao wanakutazama wewe. Macho yao ni kama mashimo. Hawaombi kitu, hawalii. Wanakutazama tu, mpaka wewe ndiwe unayeona haya na kutaka kugeuza uso.

Jina la picha ni Retirantes. Kwa Kireno neno hilo maana yake ni watu wanaoondoka, yaani waliofukuzwa kwao na ukame.

Mwaka huo huo Portinari alichora na ndugu za picha hiyo. Moja inaonyesha mtoto aliyekufa, amelazwa mikononi mwa wakubwa wake, nao wanadondosha machozi makubwa kama kokoto. Ukiitazama utakumbuka mara moja Bikira Maria alivyompakata Mwanawe aliposhushwa msalabani. Nyingine inaonyesha maiti anayechukuliwa kuzikwa katika kitanda cha kamba, kimefungwa kwenye mti na kuchukuliwa mabegani, kama sisi tulivyochukua wagonjwa kwa machela. Sanduku hakuna. Mbao zingetoka wapi?

WALITOKA WAPI WATU HAO

Sasa tuache mji, twende kaskazini-mashariki ya Brazili, katika nyika wanayoiita Sertão. Wenyeji wa kwanza waliuita msitu wake caatinga, yaani msitu mweupe, kwa sababu wakati wa kiangazi majani hupukutika yote na miti hubaki mieupe kama mifupa. Mvua ikinyesha, baada ya siku chache tu nchi nzima huwa kijani. Watu wa Dodoma na Singida hawatashangaa wakisikia hayo.

Lakini iko miaka ambayo mvua haiji. Tangu 1877 mpaka 1879 ukame ulikuwa mkali hata wengine hukisia kwamba watu 500,000 walikufa kwa njaa, ndui na maradhi mengine. Ukarudi 1915. Ukarudi tena 1932. Watu walikula mizizi ya porini, kisha wakafunga vifurushi na kushika njia kwenda pwani au kusini kutafuta kazi. Wengi waliishia njiani.

Hapa, msomaji, tusimame kidogo, maana ni rahisi kusema: "Mungu hakuleta mvua, basi." Mvua haikuja, ni kweli. Lakini mvua ilipokosekana hawakuhama watu wote. Mwenye ardhi kubwa na ng'ombe wengi alibaki. Aliyehama ni yule aliyelima shamba la mwingine, asiye na kisima wala akiba. Serikali ilijenga mabwawa, lakini mengi yalikuwa ndani ya mashamba ya matajiri, na maskini alikwenda kuomba maji kwa yule yule aliyemkodisha ardhi. Kumbe ukame hutoka mbinguni, lakini njaa mara nyingi hupitia mikononi mwa watu.

Tena liko jambo la kuumiza zaidi. Katika jimbo la Ceará, wenye nafasi katika mji wa Fortaleza waliogopa kuona wenye njaa wakijaa barabarani. Mwaka 1915 wahamaji walikusanywa katika kambi nje ya mji. Mwaka 1932 zilifanywa kambi saba, nyingi karibu na njia ya reli, ili wasifike mjini. Maelfu ya watu walibanwa humo, chakula kidogo, maji mabaya, maradhi tele. Watu wenyewe waliziita mazizi ya serikali. Umesikia neno hilo? Mazizi. Watu walifungiwa ili wengine wasiwaone.

Shika neno hilo, "wasiwaone", kwa maana ndilo litakalotujibu swali letu.

MTOTO WA SHAMBA LA KAHAWA

Turudi kusini sasa. Kaskazini ya jimbo la São Paulo, karibu na mji wa Ribeirão Preto, kuna mji mdogo uitwao Brodowski. Ardhi yake ni nyekundu sana, nzuri kwa kahawa. Mji ulianza kwa kituo cha garimoshi, na jina lake ni la mhandisi wa reli, mtu wa Polandi.

Hapo, katika shamba la kahawa, alizaliwa Candido Portinari mwishoni mwa mwaka 1903. Wazazi wake walikuwa Waitalia maskini waliokuja kufanya kazi ya kuchuma kahawa. Watoto walikuwa 12, naye ni wa pili. Shule alisoma kidogo tu, hata ya msingi hakuimaliza. Lakini mkono wake ulikuwa haukai bila kuchora. Alipokuwa kijana wa miaka 14 hivi, walifika mafundi Waitalia waliokuwa wakizunguka kupamba makanisa, nao wakamchukua awe msaidizi wao. Basi mlango wake wa kwanza katika kazi ya rangi ulikuwa mlango wa kanisa la kijijini kwake. Mwaka uliofuata alikwenda Rio de Janeiro kusoma uchoraji, hana kitu mfukoni.

Ukame wa 1915 ulipotokea, Candido alikuwa na miaka 11. Alipokwisha kuwa mtu mzima alikuwa akikumbuka jinsi alivyowaona wahamaji wakipita Brodowski na vifurushi vyao. Walikuwa wametembea na kupanda magarimoshi safari ya majuma mengi. Mtoto alisimama, akatazama. Hakuwa na chakula cha kuwapa, kwao wenyewe walikuwa maskini. Aliwapa macho yake tu, akawaweka moyoni karibu miaka 30, kisha akawatoa katika picha.

Mwaka 1928 alishinda zawadi ya kwenda kusoma Ulaya. Akakaa Paris, akaona picha kubwa za mafundi wa zamani. Huko, mbali na kwao, ndiko aliporudiwa na sura za watu wa Brodowski: suruali zenye viraka, uwanja wa vumbi, watoto wanaocheza mpira. Akakata shauri kwamba akirudi atawachora watu wake. Alirudi karibu na mwanzo wa 1931, akafanya hivyo. Mwaka 1935 picha yake ya wachumaji wa kahawa ilipata heshima katika maonyesho makubwa huko Pittsburgh, Marekani. Watu wa picha hiyo wana miguu na mikono mikubwa kupita kiasi. Wako waliomcheka na kusema hajui kuchora. Mwenyewe alisema kuwa miguu ya watu wale ina habari ya kusimulia. Itazame miguu ya babu yako aliyelima pekupeku maisha yake yote, utaelewa.

KANISA LA BIBI

Nyumba ya jamaa yake ingali pale Brodowski, mbele ya uwanja. Tangu 1970 imekuwa nyumba ya makumbusho, na kila mtu aweza kuingia. Ni nyumba ya kawaida ya watu wa mashambani. Kutani mwake Portinari alikuwa akijifunza kuchora kwa rangi juu ya chokaa mbichi.

Lakini kitu kitakachokugusa, msomaji, ni chumba kidogo kinachoitwa Kanisa la Nonna. Nonna kwa Kiitalia ni bibi. Bibi yake Candido alikuwa mtu wa sala. Alipozeeka na kukosa nguvu hata asiweze tena kwenda kanisani, alisikitika sana. Basi mwaka 1941 mjukuu wake, ambaye siku hizo alikuwa amekwisha pata sifa hata ng'ambo, alichukua rangi zake akamchorea kikanisa nyumbani. Ukutani amewasimamisha watakatifu: Jamaa Takatifu, Mtakatifu Petro, Mtakatifu Fransisko, Mtakatifu Lusia na wengine, kwa kimo cha watu halisi. Na nyuso zao? Ni nyuso za ndugu, jamaa na rafiki. Bibi alipopiga magoti kusali, aliona mbinguni kumejaa watu wa kwao.

Mtu huyo, msomaji, hakuwa mtu wa kusifiwa na Kanisa katika yote. Baada ya vita kuu aliingia chama cha Kikomunisti, akagombea kiti cha ubunge mwaka 1945 na cha useneta mwaka 1947, asipate. Nalitaja jambo hilo wazi wazi ili usije ukalisikia kwa mwingine ukadhani nimekuficha. Lakini mikono iliyochora watakatifu wa Bibi ndiyo ile ile iliyochora wenye njaa, na ukitazama vizuri utaona kwamba ni nyuso za namna moja.

KANISA LILILOKAA BILA MISA

Safari yetu yapita pia Belo Horizonte, ukingoni mwa ziwa la Pampulha. Hapo mwaka 1943 lilikwisha jengwa kanisa la Mtakatifu Fransisko wa Asizi, lenye mgongo wa mawimbi badala ya paa tulilolizoea. Portinari alilipamba: nje, vigae vyeupe na bluu vyenye habari za Fransisko, ndani, nyuma ya altare, picha kubwa ya mtakatifu, na Njia ya Msalaba yenye vituo 14. Wakubwa wa Kanisa wa mahali hapo hawakupendezwa. Umbo la jengo lilikuwa geni mno kwao, na katika picha ya Fransisko badala ya mbwa mwitu wa Gubbio walimwona mbwa wa kawaida tu. Kanisa likakaa bila kubarikiwa mpaka mwaka 1959. Leo waamini husali humo, na watu hufunga ndoa humo kwa furaha. Tangu 2016 mahali hapo ni katika Urithi wa Dunia.

Tusiwacheke wale wakubwa. Hata sisi jambo jipya hututisha. Nadhani, lakini, kwamba mwenye njaa akiingia kanisani na kuona mbwa koko wa kijijini amelala miguuni pa mtakatifu, hujua kwamba amefika nyumbani.

JE, PICHA ILILETA MVUA?

Sasa tutoe lile swali mkobani. Picha ya wenye njaa iliwasaidia nini wenye njaa? Haikuleta mvua. Haikujaza ghala. Mtoto aliyechorwa amekufa hakufufuka.

Lakini kumbuka zile kambi. Watu wale walifungiwa mbali ili wasionekane. Portinari alifanya kinyume. Aliwachukua wale wale, na matumbo yao na vifurushi vyao, akawasimamisha mjini, katika nyumba nzuri, mahali wanapopita wenye viatu. Reli ilizuiwa, barabara zilizuiwa, lakini picha ikapita. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa São Paulo aliyeweza kusema kwa haki: "Sikuwaona." Wako waliomlaumu kwamba anaonyesha ubaya wa nchi badala ya uzuri wake. Hawakusema kwamba picha ni ya uwongo.

Hakuwa peke yake. Mwanamke mmoja wa Ceará, Rachel de Queiroz, alikuwa ametunga kitabu juu ya ukame wa 1915, kikatoka mwaka 1930. Graciliano Ramos alitunga chake mwaka 1938. Mganga Josué de Castro alitoa kitabu chake juu ya njaa ya Brazili mwaka 1946, akionyesha kwamba njaa ni kazi ya watu zaidi kuliko kazi ya hali ya hewa. Basi mmoja alileta kalamu, mwingine elimu, mwingine rangi. Mtu akiwa na jipu lazima kwanza akubali kulionyesha, dawa hufuata.

MAJI YA PAA

Tumalizie safari yetu katika Sertão ya siku zetu. Utaona karibu na nyumba nyingi kitu cheupe cha mviringo kama chungu kikubwa kilichofukiwa nusu ardhini. Ni tangi la saruji la kuwekea maji ya mvua. Maji hutoka kwenye paa, hupita katika mfereji na kuingia humo. Yale ya kwanza huachwa yamwagike ili paa lioshwe. Tangi moja huchukua lita 16,000, yaani ndoo 800 za lita 20. Jamaa ya watu watano, wakiyatumia kwa kunywa na kupika tu, yaweza kuwafikisha miezi minane ya kiangazi.

Sikiliza jinsi ufundi huo ulivyopatikana. Husimuliwa kwamba mwashi mmoja wa jimbo la Sergipe alikwenda São Paulo kutafuta kazi, kama wenziwe wengi. Akapata kazi ya kujenga vidimbwi vya kuogelea vya watu wenye fedha. Aliporudi kwao, akafikiri: kama saruji yaweza kushika maji ya mchezo, kwa nini isishike maji ya kunywa? Akajenga tangi kwa vipande vya saruji vilivyopinda. Majirani wakaiga. Tangu 2003 vyama vya wananchi wa Sertão, pamoja na Caritas ya Brazili, vilianza kazi ya kujenga matangi milioni moja kwa msaada wa serikali, na hesabu hiyo imekwisha kupitwa. Wenye nyumba wenyewe huchimba shimo, na mafundi ni watu wa pale pale.

Ukame mkali ulirudi tangu 2012 mpaka 2017. Mifugo mingi ilikufa na mashamba yalikauka. Lakini kwa sababu ya matangi hayo, na msaada wa fedha kwa jamaa maskini, misafara ya wenye njaa kama ile ya 1915 na 1932 haikuonekana tena.

Wala hawakuwasahau waliotangulia. Katika mji wa Senador Pompeu, palipokuwa na kambi moja ya 1932, tangu mwaka 1982 waamini huenda kwa miguu kila mwezi wa Novemba mpaka makaburi ya waliokufa kambini, wakisali na kuimba. Waliofungiwa wasionekane, sasa hutembelewa kila mwaka.

Na Portinari mwenyewe? Rangi alizozipenda zilikuwa na risasi ndani yake, nayo ni sumu. Waganga walimwonya aziache. Hakuweza. Picha mbili kubwa mno, Vita na Amani, zenye kimo cha meta 14, zilitundikwa mwaka 1957 katika nyumba ya Umoja wa Mataifa huko New York, lakini yeye hakuwapo, kwa kuwa Marekani ilimnyima ruhusa ya kuingia kwa sababu ya siasa yake. Tarehe 6 Februari 1962 alikufa kwa ile sumu, umri wake miaka 58.

Basi, msomaji, tumerudi nyumbani. Chukua jembe lako. Lakini jioni ukimkuta mwanao amechora ukutani kwa mkaa, usikimbilie fimbo. Tazama kwanza amemchora nani. Huenda ni yule mama aliyepita jana na kifurushi kichwani, akaomba maji, nanyi wakubwa mkajifanya hamkumwona.